Shimo la Penseli

Mwende, mama,

Umetoka saa nane kwenda Kenyatta Market kusukwa, ukaniambia tusikungoje kabla ya giza kwa sababu rasta ndogo unazozitaka hazisukwi kwa haraka. Kwa hiyo nina saa chache. Nimeketi kwenye meza ya chakula, na kila lango linapolia nainua kichwa. Limeshalia mara tatu bure. Mara upepo, mara jirani akirudisha ngazi yetu, mara muuza maziwa.

Mambo ya blanketi, dawa ya mbu na nani umpigie ukifika, mama yako ameyamaliza. Namsikia chumbani akiyarudia peke yake huku akikunja nguo zako. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukueleza kwa nini nilikunyima kijiti changu cha kupimia mashimo.

Juzi uliponiomba, nilikujibu kwamba siku hizi kuna vipimo vya chuma vya kisasa, na kwamba utachekwa ukienda ofisini na kipande cha mpini wa ufagio. Ukaniambia, "Wee baba, kijiti unakificha kama hati ya shamba!" Nikacheka nawe. Lakini haikuwa choyo, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Unakikumbuka vyema kuliko ninavyopenda. Ulikuwa mdogo, na Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa ukinivuta mkono tupite njia ndefu, tuzunguke mtaa wetu wote wa Woodley hadi karibu na Ngong Road, ili upime mashimo. Nilikuwa nimepiga msumari mmoja pembeni mwa kile kijiti, vidole vinne kutoka chini. Ulikuwa unakitumbukiza shimoni na kuchutama na gauni lako la Jumapili, kisha unapiga kelele mpaka watu wanageuka: "Baba, limepita msumari!" Na mimi natoa daftari. Ulifikiri naandika. Ni kweli, nilikuwa naandika. Hukuuliza naandika kwa kalamu gani, na mtoto wa umri ule hangeuliza.

Sasa umeajiriwa katika kazi ile ile niliyoifanya mimi, ya mkaguzi wa barabara. Umesema baraza la mji unakokwenda halina mwongozo wa maana wa kukagua barabara, na kwamba wewe na wenzako wawili mtaanza kwa kuuandika. Ulilisema ukitabasamu, sahani ya githeri mbele yako, na mimi nikaacha kula. Mama yako alidhani ni tumbo.

Kiwango cha barabara, ukikivua mapambo yote, kinajibu maswali matatu tu. Tutapita kutazama baada ya muda gani? Tukikuta nini ndipo tuseme hapa pameharibika? Na tukishaona, tutatengeneza ndani ya siku ngapi? Barabara kubwa ya mabasi hupitiwa mara nyingi, barabara ya mtaa kama hii yetu mara chache, na kichochoro cha nyuma ya maduka kinapitiwa mkaguzi akikumbuka. Haya umesomeshwa, tena vizuri kuliko mimi. Usichosomeshwa ni jinsi nambari zenyewe zinavyozaliwa. Mimi nilikuwa kwenye kikao ambamo nambari zetu zilizaliwa. Madiwani walikuwa wakibishana juu ya kina cha shimo. Mmoja akalaza vidole vitatu juu ya meza akasema, "Hii ndiyo inavunja springi za gari yangu." Mwenzake ng'ambo ya meza akamjibu, "Basi nunua gari ingine, mheshimiwa. Vidole vitatu ni nusu ya Nairobi!" Watu wakacheka, karani akaandika vidole vinne. Ilipofika kwenye siku za kutengeneza, mkubwa wetu aliulizwa tuna malori mangapi ya lami ya moto. Alisema moja. Halafu mtu akasema siku saba, na kwa kuwa chai ilikuwa imeletwa, siku saba zikapitishwa.

Lori moja, siku saba, na mitaa yote ile. Hata wewe ulipokuwa darasa la tatu ungeweza kupiga hesabu hiyo ukaona haitoki. Na kwenye fomu zetu kulikuwa na safu mbili mwishoni: Tarehe ya Kuonekana, na Tarehe ya Kutengenezwa. Siku saba zilihesabiwa kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili.

Mtu aliyenipokea kazini alikuwa mzee anaitwa Wafula. Alikuwa mtu mwema, na chapati yake ya saa nne hakuila bila kunikatia nusu. Juma la kwanza baada ya kikao kile tulikuta shimo nyuma ya duka la vitabu, nikatoa kalamu.

"Kijana, hiyo rudisha mfukoni," akaniambia.

"Kwa nini, mzee? Si limepita kipimo?"

"Limepita. Lakini ukiandika na wino, saa imeanza kukimbia, na lori liko upande ule mwingine mpaka mwezi uishe. Utakimbizana nayo na miguu?" Akanipa penseli, fupi kama kidole gumba. "Andika na hii. Lori likija huku, ndio shimo linaonekana."

Ndio shimo linaonekana. Nilidhani ni mzaha wa watu wa kazi. Haukuwa mzaha, ulikuwa utaratibu. Tulikuwa na daftari la penseli la yale tuliyoyaona, na fomu ya wino ya yale yaliyoonekana. Kati ya kuona na kuonekana zilipita wiki, wakati mwingine msimu mzima wa masika. Hakuna aliyetuambia tudanganye. Hatukuandika uongo hata mstari mmoja. Tulichelewesha ukweli kidogo tu, na ripoti zetu zikatoka safi. Kila shimo lililoonekana lilizibwa ndani ya siku saba. Na kila mwaka tulipoomba lori la pili, madiwani waliangalia ripoti zile zile wakatuuliza, kwa haki kabisa: la nini?

Nimekaa miaka mingi nikidhani ubaya wa penseli uliishia hapo, kwa lori ambalo halikuja. Hapana. Nilikuwa najua haukuishia hapo. Acha niandike vizuri.

Mama Njoki.

Lango limelia tena. Si wewe.

Unamjua Mama Njoki tangu ulipoanza kuwa na nywele za kushikika. Unajua kwamba mkono wake wa kulia haufungi ngumi, kwamba vidole vitatu vimebaki kama vimepigwa na baridi. Unajua zamani alikuwa msusi ambaye wanawake walitoka mpaka Kileleshwa kuja kumpangia foleni, na sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki akiwagawia wasichana wake nywele kwa mkono wa kushoto. Tulikwambia aliteleza wakati wa mvua. Ulikuwa darasa la sita. Ulilia kwa sababu hakuweza kukusuka ya sherehe ya shule, kisha ukalia tena kwa sababu ulijiona mchoyo kulilia nywele. Nilikubembeleza. Nikakwambia mvua haina mwenyewe.

Shimo lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa kwenye njia ya nyuma ya soko, pale malori ya mkaa ya wachoma nyama yalipokuwa yanageukia. Nilikuwa nimelipima mimi, na kijiti kile kile, na msumari ulizama wote. Nilikuwa nimechutama naandika kwa penseli nikasikia sauti juu yangu, ikiniita mtu wa baraza.

"Wee mtu ya kanjo! Hii shimo unaiona ama unaipima viatu?"

Ni yeye, na sufuria ya maji ya moto mkononi, ya kuchovyea ncha za rasta. Wasichana wake wakaangua kicheko.

"Nimeliona, Mama Njoki," nikamwambia.

"Umeiona kweli?"

"Nimeliona."

"Haya. Mvua ikikuja hiyo haitakuwa shimo, itakuwa kisima. Na mimi ndio nabeba maji hapa."

Nilirudi nikapitia ofisini, nikafungia daftari kwenye droo. Lori lilikuwa mbali. Lile lilikuwa shimo moja kati ya mengi.

Mvua ilikuja baada ya siku kumi na kitu. Maji yakajaa njia nzima, yakawa sawasawa, mtu hajui pa kukanyaga. Akaingia na mguu mmoja, akaangukia mkono. Sufuria ilikuwa tupu, tumshukuru Mungu kwa hilo. Mfupa wa kiwiko cha mkono ulivunjika vipande, ukaunga ulivyotaka.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inanilemea. Kesho yake asubuhi nilifungua droo, nikatoa fomu ya wino, na kwenye safu ya Tarehe ya Kuonekana nikaandika tarehe ya siku hiyo. Kwa sababu kulikuwa na mtu ameumia, lori lilipatikana, na shimo likazibwa kesho yake tena. Limeonekana leo, limetengenezwa kesho. Kwenye kikao cha mwezi kazi hiyo ilisomwa kama mfano, wakanipigia makofi. Nilisimama nikashukuru, Mwende. Nilishukuru.

Mama Njoki alipolileta lalamiko lake kwa maandishi, barua ya kumjibu nilipewa mimi niiandae, kwa kuwa Kiswahili changu kilisifiwa. Niliandika kwamba baraza linasikitika, ila kumbukumbu zinaonyesha shimo halikuwa limeonekana kabla ya siku ya ajali, na baada ya kuonekana lilishughulikiwa mapema kuliko kiwango kinavyotaka. Kila neno lilikuwa kwenye fomu. Hakuna korti ambayo ingenikamata na uongo. Kiwango, mama, kilichowekwa ili kumlinda mpita njia, nilikitumia kama mlango wa kumfungia nje. Kufuli lake lilikuwa neno moja, kuonekana, na mtu pekee aliyejua kwamba shimo lilikuwa limeonwa alikuwa mimi.

Mimi, na yeye. Hilo la yeye nililikwepa. Nilijiambia amesahau. Mtu aliyelala na maumivu yale, atakumbuka maneno mawili ya mzaha na mkaguzi? Na kwa kuwa hakulitaja kamwe, na kwa kuwa aliendelea kukupokea kila likizo, akikaa nyuma ya wasichana wake akiwaambia "hiyo mstari imepinda, huyu ni mtoto wangu, rudia," nilijihakikishia kwamba amesahau.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilikwenda sokoni. Nilikuwa nimeamua kumwambia kabla hujaondoka. Sijui kwa nini nilidhani yeye ndiye wa kuambiwa kwanza. Labda kwa sababu simwogopi yeye kama ninavyokuogopa wewe.

Walikuwa ndio wanafungua. Moshi wa kwanza wa nyama ulikuwa unapita juu ya mabati. Msichana mmoja akaniona akaita, "Karibu mzee! Umekuja kusukwa? Hiyo kipara tutashikilia wapi?" Wenzake wakacheka, na mimi nikajaribu kucheka.

Mama Njoki alikuwa kwenye kiti chake, anachambua nywele.

"Baba Mwende. Kwema? Mtoto ni mgonjwa?"

"Mtoto ni mzima. Nimekuja kwa ajili ya lile shimo."

"Shimo gani? Nairobi yote ni shimo."

"Lile la nyuma hapa."

Mkono wake wa kushoto ukasimama. Aliwaambia wasichana waende wakachukue maji, wote wanne, na wakaenda bila kuuliza maji ya wanne ni ya nini. Nikamweleza. Penseli, droo, fomu, barua. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, kwa utaratibu, mpaka nikajichukia kwa utaratibu huo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema:

"Baba Mwende, hiyo shimo hukuambiwa na mtu mwingine. Ni mimi nilikuambia. Wewe ndio ulitaka nisahau."

"Ulikuwa unajua? Miaka hii yote?"

"Barua ilisema haikuwa imeonekana. Nikasema, ai, si huyu mtu alinijibu mara mbili ameiona? Nikangoja ukuje. Mwaka ya kwanza nikangoja, ya pili nikangoja. Halafu nikaona, nikigombana na wewe, mtoto hataletwa hapa tena."

Nikamwomba msamaha, kwa Kiswahili changu kinachosifiwa, na nilisikia jinsi kilivyokuwa kizuri na chepesi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hiyo ya kusamehe sijafika. Sasa wewe umekuja kuniambia mimi kitu najua. Mwenye hajui ni nani?"

Nikageuka nikatazama njia ya nyuma, pale lilipokuwa shimo.

"Anaenda kushika kazi yako, si ndio? Basi. Leo nitamsuka, sitasema kitu. Si kazi yangu. Lakini kesho nakuja kumsindikiza mpaka kwa basi, na nikimwangalia macho nitajua kama umemwambia. Hiyo macho naijua kuliko wewe, nimeiangalia kwa kioo tangu akiwa mdogo."

Ndiyo maana nainua kichwa kila lango linapolia. Hivi sasa umekaa mbele ya kioo chake, labda unamsimulia juu ya mwongozo mtakaouandika, na yeye anakugawia nywele kwa mkono mmoja, kimya. Naogopa kwamba atasema. Naogopa zaidi kwamba hatasema, kama alivyoahidi.

Na nakuogopea wewe. Hutakuta Wafula kule, lakini atakuwapo mtu mwema mwenye chapati. Atakwambia siku hizi ni kompyuta, hakuna daftari. Kompyuta nayo ina penseli yake, utaiona; itaitwa jina la heshima. Wala sidhani atakuja siku ambayo umejiandaa. Atakuja siku umechoka, mvua inakaribia, lori liko mbali, na atakuomba usubiri tu. Mimi sikuwahi kuombwa zaidi ya kusubiri.

Sina mamlaka ya kukufundisha uaminifu, na umeelewa sasa ni kwa nini. Nina ufundi tu, na ufundi huo nautoa bila aibu. Mkifika kwenye ukurasa wa siku za kutengeneza, kabla hamjabishana kama ni saba au kumi na nne, angalieni zinaanza kuhesabiwa lini. Msiandike "tangu kuonekana." Andikeni tangu siku mtu yeyote aliposema: mkaguzi, diwani, mchoma nyama, msusi mwenye sufuria. Na daftari la kupokea hayo maneno lishikwe na mtu asiyehusika na lori, ili asiwe na sababu ya kuchagua penseli. Mtachelewa. Mtachelewa sana, na fomu zitaonyesha mmechelewa, na mtaitwa kwenye kikao mtukanwe. Kubalini kutukanwa. Mstari mmoja uliochelewa na ulioandikwa unaweza kuleta lori la pili. Mistari yetu mia iliyo safi haikuleta hata gurudumu.

Wenzako watasema ni jambo dogo, neno moja. Hata mimi nilisema hivyo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya begi lako, katikati ya taulo, uikute ukifika. Nilishaikunja akilini. Ungeisoma ukiwa mbali, na mimi ningekuwa hapa Woodley nimejifungia na redio, nikijiambia kwamba nimekwambia. Ndipo nikaona ninachokifanya. Ni droo ile ile. Ningekuwa nimeiona, lakini ingeonekana lori likija.

Basi haiingii begini. Nimeiandika kwa wino, na ukiingia nitakupa mkononi kabla hujavua viatu. Nitakaa kiti cha pili, na sitatoka chumbani mpaka umalize. Ukitaka kuniuliza, niulize. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, sitakuharakisha. Kesho asubuhi Mama Njoki atafika na kukuangalia macho, na chochote atakachokiona humo kitakuwa chako, sitakuomba ukipunguze kwa ajili yangu.

Kijiti nimekiegemeza karibu na mlango. Msumari bado uko mahali pake, umeshika kutu kidogo. Ukikitaka baada ya kusoma, kichukue. Ukikiacha, nitaelewa, na nitakuwa wa kwanza kukubebea begi.

Lango limelia. Safari hii nasikia sauti mbili, moja ni yako, na ya pili ni ya Mama Njoki, hakungoja kesho.

Ni mimi,
baba yako, aliyeliona.